Sura ya 6: Kikao Kisichofungwa

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi. Mwalimu wa sekondari kaniuliza, fundi wa aluminiamu kaniuliza, na dada mmoja wa idara ya manunuzi aliniuliza tukiwa tumesimama kwenye daladala ya Kibamba, mkono mmoja kashika bomba, mwingine simu. Alikuwa na jumbe 412 hazijasomwa. "Kaka," akasema, "kazi zote naagizwa kwenye grupu. Orodha yangu ya mambo ya kufanya iko kwenye simu hii hii. Mbona haviongei?"

Ana haki ya kushangaa. Vitu viwili vimelala kwenye kioo kimoja, vinakula bando moja na chaji moja, na hakuna kinachojua habari za mwenzake.

Tuanze na majina. Ninaposema programu ya kazi za pamoja, namaanisha ile ambayo watu wa timu moja huitumia kuzungumza, kugawana kazi na kutumiana mafaili. Maofisi makubwa ya mjini yana Slack, Microsoft Teams au Trello. Sisi wengine tuna WhatsApp, ambayo haikutengenezwa kwa shughuli hiyo. Ilipoanza mwaka 2009 ilikuwa ya kuonyesha hali ya mtu pembeni ya jina lake: yuko kazini, yuko kikaoni, simu inakaribia kuzima. Slack nayo ilizaliwa kwa njia ya uchochoroni. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa inaendesha mchezo wa kompyuta ulioitwa Glitch. Mchezo ukafa mwaka 2012, wakabaki na chombo walichokuwa wakiongelea wao kwa wao, wakakiuza hicho. Mwaka 2021 kampuni ya Salesforce ilikinunua kwa dola bilioni 27 na ushee.

Orodha binafsi ni ile yako peke yako. Inaweza kuwa Todoist, Google Tasks, Microsoft To Do, au kaunta buku lenye kava gumu. Kwa sura hii zote zina hadhi sawa, na kuna ukurasa mbele ambapo kaunta buku litashinda.

Turubai lililokwenda Kiluvya

Mwaka juzi nilichaguliwa katibu wa kamati ya sendofu ya binti wa jirani yetu, hapa Kibamba. Grupu lilikuwa na watu zaidi ya mia. Jumatatu moja usiku, kama saa 3 na nusu, mwenyekiti akaandika: "Katibu, mwone mtu wa maturubai kabla ya Jumatano, anataka kianzio." Nikamwekea dole gumba. Dakika mbili baadaye orodha ya michango ikaanza kushuka, kisha video ya MC mmoja wa Mbagala, kisha mabishano kuhusu rangi ya sare. Ujumbe wa mwenyekiti ukapanda juu ya kioo, ukapotea.

Ijumaa mama mhazina akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Mwanangu, turubai umeshalilipia?"

Turubai lilikuwa limeshachukuliwa na watu wa Kiluvya.

Nimelifikiria sana lile dole gumba. Mwenyekiti alilisoma kuwa "nitafanya". Mimi niliposema kwa kidole changu, nilimaanisha "nimeona". Hakuna aliyedanganya. Lugha yetu ya kwenye grupu imejaa maneno ya aina hiyo: sawa mkuu, tupo pamoja, imepokelewa, linafanyiwa kazi. Ni maneno ya heshima. Yanamridhisha aliyeagiza bila kumfunga aliyeagizwa, na ndiyo maana tunayapenda.

Yatokanayo

Kabla ya simu za kupapasa, watu wa Kibamba walifanyaje? Walikaa kikao. Na kikao chetu, kiwe cha kijiji, cha chama cha ushirika au cha kamati ya shule, kina mpangilio ambao mtu anaujua hata akiwa usingizini: kufungua, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, ajenda za siku, mengineyo, kufunga.

Yatokanayo ndiyo sehemu watu wanayoiogopa. Hapo mwenyekiti anafungua muhtasari, anasoma kwa sauti: katibu alipewa jukumu la kumwona mtu wa maturubai, je, imefikia wapi? Chumba kizima kinakugeukia. Hakuna dole gumba litakalokuokoa.

Grupu la simu ni kikao kisichofungwa. Kwa kuwa hakifungwi, hakuna kikao kinachofuata. Na kwa kuwa hakuna kinachofuata, yatokanayo hayasomwi kamwe. Kilichobaki ni mengineyo, kutwa kucha. Ukilielewa hilo, utaona kwamba unapotaka kuunganisha grupu na orodha yako, kwa kweli unatafuta mahali pa kusomea yatokanayo yako mwenyewe.

Serikali ililijua hili mapema. Kwenye masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada, afisa ambaye hakuweza kulimaliza jambo leo aliandika juu ya jalada herufi mbili, BU, na tarehe. Maana yake: nirudishie hili siku hiyo. Karani wa masjala aliingiza kwenye daftari lake, na tarehe ikifika jalada lilitua mezani, afisa atake asitake. Siku hizi taasisi nyingi za umma zinatumia mfumo wa e-Office kupitisha majalada kwa kompyuta, lakini wazo ni lile lile la karani: jambo lina mwenyewe, lina siku, na kuna kitu kinacholirudisha.

Kwa ufupi: ujumbe wa grupu hauwi kazi mpaka upate mtu, siku, na mahali pa kurudi.

Shangazi aliyefutika

Kila aliyewahi kuwa kwenye grupu la harusi anaijua ile orodha ya michango. Mtu anainakili yote, anaibandika upya, anaongeza jina lake chini: namba 37, fulani, 50,000, na tiki kama ameshatoa. Inakwenda vizuri hadi watu wawili wanapoinakili kwa pamoja. Wa kwanza anaongeza namba 38. Wa pili, aliyenakili kabla ya hapo, naye anaongeza namba 38 yake. Wa tatu anachukua ile iliyo chini kabisa, na yule wa kwanza kafutika bila mtu kumfuta.

Kwetu ilimpata shangazi wa binti mwenyewe. Alituma elfu sabini kwa M-Pesa, akalala akiwa kwenye orodha, akaamka hayumo. Sitayarudia hapa maneno yaliyofuata.

Kinachokosekana pale kinaitwa kuoanisha: nakala zote kujilinganisha na moja iliyo ya kweli, ili badiliko la mmoja lionekane kwa wote. Trello na Teams zinaoanisha. Kadi ya kazi ni moja tu. Ukiisogeza wewe, mwenzako wa Temeke anaiona imesogea. Ujumbe wa WhatsApp hauoanishwi. Kila nakala ni mtoto aliyehama nyumbani.

Nalisema hili kwa sababu kosa la kwanza la watu wengi wanapoanza kuunganisha ni kuhamisha kila kitu. Wanachukua orodha nzima ya timu, kazi za wote, wanaimwaga kwenye orodha yao binafsi. Sasa kuna orodha mbili za michango. Moja itasema uongo, na huwezi kujua ni ipi. Orodha ya timu iache kwa timu, mahali pamoja, na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuihariri. Kwako leta kipande chako tu.

Tulipogundua shangazi hayumo, hatukurudi kwenye grupu kutafuta. Tulifungua kaunta buku la mama mhazina. Alikuwemo, kwa kalamu ya bluu, na namba ya muamala pembeni.

Milango iliyopo

Namna ya kupitisha kipande chako inategemea chombo:

Kwenye Slack, ukigusa vitone vitatu pembeni ya ujumbe unaweza kuuhifadhi wa baadaye au kuomba ukumbushwe. Ukiwa umeunganisha Todoist, pale pale unaugeuza kuwa kazi, na kazi hiyo inabaki na kiungo cha kukurudisha kwenye ujumbe wenyewe.

Kwenye Teams, menyu kama hiyo ina sehemu ya kutengeneza kazi kutokana na ujumbe. Kazi ulizopangiwa na timu kwenye Planner zinaweza kuonekana zenyewe ndani ya Microsoft To Do, na barua pepe unazoziwekea bendera kwenye Outlook huingia humo pia. Kama ofisi yako inatumia Microsoft, usinunue kingine, umeshalipiwa.

Kwenye WhatsApp ya kawaida mlango hakuna. Kuna dirisha. Unaweza kuuwekea ujumbe nyota, au kuutuma kwenye mazungumzo yako na nafsi yako, jambo linalowezekana rasmi tangu Novemba 2022. Nyota naomba uachane nazo: hazina tarehe, na baada ya miezi sita utakuwa na anga zima. Nakili ujumbe, ubandike kwenye orodha. Angalia tu kwamba ukinakili ujumbe mmoja, jina la aliyeutuma halibebwi. Andika mwenyewe nani alisema, maana ndiye utakayemrudishia jibu.

Ujumbe wa sauti hauna njia ya mkato. Usikilize mara moja, andika mstari mmoja. Kama ni wa dakika sita, mpigie aliyeutuma.

Nilijaribu pia njia ya kitajiri. Kuna huduma za kusimama katikati, kama Zapier na IFTTT, zinazofanya kazi kwa kanuni ya "likitokea hili, fanya lile". Unaiambia: nikitajwa jina kwenye Slack, tengeneza kazi kwenye Todoist. Nikaiwasha Jumatatu. Kufikia Ijumaa orodha yangu ilikuwa na "Asante sana kaka" kama kazi, yenye kisanduku cha kutiki. Ilikuwa na "Jamani nani kaona chaja yangu" pia. Kazi za kweli, nadhani saba au nane, zilikuwa zimezikwa humo.

Nikaizima. Tatizo halikuwa huduma. Ilifanya kama nilivyoiagiza. Tatizo ni kwamba nilimwachia kila mwenye simu ruhusa ya kuniandikia ratiba. Orodha yako binafsi iandikwe na mkono mmoja. Kile kitendo cha kunakili, sekunde kumi za kuudhika, ndicho kinachokulazimisha kujiuliza kama kweli hii kazi umeikubali. Mara nyingi utagundua haikuwa yako, au aliyeomba ameshasahau.

Na unaponakili, usibandike ujumbe ulivyo. "Turubai" si kazi, ni kitu. "Mpigie mtu wa maturubai, mpe kianzio, chukua risiti, mjulishe mwenyekiti" ni kazi, na mtu aliyechoka anaweza kuifanya bila kufikiri.

Mimi huifanya shughuli hii mara mbili kwa siku. Ya asubuhi ni ndani ya daladala, tukishaipita stendi kuu ya mabasi pale Mbezi Luis kuelekea Kimara, nikibahatika kukaa. Programu nyingi za orodha zinakubali uandike hata bando likiwa limekata; zinatunza kwenye simu, mtandao ukirudi zinaoanisha. (Kaa mbali na dirisha. Vishandu, wale wapora simu, hawajali kama ulikuwa unapanga kazi.) Ya pili ni jioni kabla ya kula. Katikati ya hapo arifa za magrupu yote, ile milio na vibendera, nimezinyamazisha, isipokuwa moja la familia.

Kwa ufupi: mlango uwe mwembamba na uwe na bawabu. Bawabu ni wewe.

Saa 8 ipi?

Hili silioni likielezwa kwenye maelekezo ya programu hizi, na kwa Mswahili ndilo linaloharibu zaidi. Mwenyekiti anaandika: "Kesho saa 8 tukutane kwa mtu wa vyakula." Unalinakili, programu inakuomba muda, kidole chako kinaandika 8:00. Simu inalia saa 2 asubuhi, unashangaa, unaizima. Saa 8 mchana inapita kimya.

Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. Tofauti ni sita: saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 1 jioni ni 19:00. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la pili anaiweza. Shida ni kwamba ukiwa na haraka huhesabu, unaandika unachokisikia. Programu nyingi hujitapa kwamba zinaelewa tarehe ukiziandika kwa maneno, lakini ni kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Iandikie "kesho saa 4 asubuhi" itaona maneno tu, au mbaya zaidi itaidaka ile 4 na kufanya nayo inavyojua.

Ninachofanya ni kuweka simu kwenye mfumo wa saa 24, kisha kwenye jina la kazi naandika saa ya Kiswahili kwa maneno, "saa nane mchana", na kwenye sehemu ya muda naweka 14:00. Vikipingana, nagundua kosa kabla ya siku yenyewe.

Siku nazo zina mtego wake. Kwa wazee wengi wa pwani siku inaanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule tunaolala Alhamisi. Kijana wa ofisini anaweka Ijumaa usiku, anakuta shughuli ilikwisha jana. Ukiona neno usiku kwenye grupu lenye wazee, uliza: wa kuamkia lini? Hakuna atakayekuona mjinga.

Njia ya kurudi

Sasa umeingiza kazi, umeifanya, umeitiki. Mstari umekatwa, moyo umetulia. Kwenye grupu hakuna kilichobadilika. Mwenyekiti bado anaona dole gumba la Jumatatu.

Miunganiko mingi inakwenda upande mmoja. Kazi uliyoitoa kwenye ujumbe wa Slack, ukiitiki kwenye Todoist, wenzako hawatangaziwi. Ile ya Planner inayoonekana kwenye To Do ni tofauti, kwa sababu ni kazi ile ile moja inayotazamwa kutoka madirisha mawili. Ukiimaliza huku, imemalizika na kule. Kwa WhatsApp hakuna lolote litakalotokea lenyewe. Kwa hiyo kila kazi niliyoitoa kwenye grupu naimalizia kwa neno moja: "mjulishe". Sitiki mpaka nimerudi kwenye ule ujumbe wa kwanza, nikaujibu wenyewe, si kuandika chini chini: "Turubai limelipiwa leo, risiti hii hapa." Anayepitia baadaye ataona agizo na jibu vimekaa pamoja.

Na dole gumba? Nimeliacha kwa picha za watoto. Kwenye agizo naandika mojawapo ya majibu matatu: "nafanya" (pamoja na siku), "siwezi", au "bado nauliza". La pili lilinipa tabu mwanzoni, maana kumwambia mtu mzima "siwezi" mbele ya watu mia inataka moyo. Siku hizi namwandikia pembeni: "Shikamoo mzee, hili Jumatano sitaliweza, tumpe fulani?" Mpaka leo hakuna aliyekasirika, ingawa mmoja alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Mwezi uliopita kamati ile ile ilikaa tena, safari hii kwa kipaimara cha mdogo wake yule binti. Ukatibu ukanirudia, nadhani kama adhabu. Tulikaa uani kwa mwenyekiti, na ilipofika kwenye maturubai nikatoa simu, nikaandika, nikawaonyesha wote kioo: mtu wa maturubai, kianzio, risiti, Jumatano, 14:00.

Mama mhazina alivaa miwani, akakisogelea. "Hiyo kumi na nne ndiyo saa ngapi?"

"Saa nane mchana, mama. Itanikumbusha yenyewe."

"Vizuri, mwanangu." Akafungua kaunta buku, akaandika huku akijisomea taratibu: katibu, turubai, Jumatano, saa nane mchana. Akafikiri kidogo, akaongeza mstari wa chini: nimpigie saa saba.